Mbona Nebula ya Jabari Haina Rangi za Pichani?

Kila tunapotoa darubini uwanjani ili watu waangalie nyota, swali huwa lile lile. Mtu anainama, anachungulia, anakaa kimya kidogo, kisha anauliza: "Mbona ni kijivu tu?" Zile nyekundu na zambarau alizozizoea kwenye simu hazipo. Kilichopo ni ukungu hafifu, kama pumzi iliyotua juu ya kioo.

Hajadanganywa, wala darubini si mbovu.

Nebula ni gesi na vumbi vilivyotanda kati ya nyota. Hii iliyomo katika kundinyota la Jabari iko umbali wa miakanuru 1,300 hivi. Nuru inayokuingia jichoni leo iling'oka huko karibu na karne ya 8, wakati Shanga, mji wa kale kule Lamu, ndiyo kwanza inaanza kukaliwa. Katikati yake mna nyota changa. Nne kati ya hizo utaziona hata kwa darubini ndogo. Iliyo kali zaidi humwaga mionzi ya urujuanimno inayozipokonya atomu za hidrojeni elektroni zao. Elektroni zikirudi, hidrojeni hutoa nuru nyekundu, na hiyo ndiyo nyekundu ya pichani. Kamera huikusanya nuru hiyo kwa dakika nyingi, pengine kwa saa. Jicho halina subira hiyo. Tena gizani tunatumia seli za jicho zisizotambua rangi, na nyekundu ndiyo inayozishinda kuliko zote.

Wapo wenye macho makali wanaosema wanaona ukijani kidogo. Wako sahihi, na hapo pana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1864, William Huggins wa London aliichambua kwa miche ya kioo nuru ya nebula iliyomo katika kundinyota la Tinini. Nyota hutoa utepe wa rangi zote. Yeye akakuta mistari michache tu. Basi ilikuwa gesi, si rundo la nyota za mbali kama wengi walivyodhani. Lakini mstari uliong'aa zaidi, wa kijani, haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana. Wataalamu wakaibunia elementi mpya, wakaiita nebuliamu, na ikadumu vitabuni miaka mingi. Mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen akaonyesha kuwa ni oksijeni, hii hii tunayovuta, ila imepoteza elektroni mbili. Hapa duniani atomu hugongana mno, hata hazipati utulivu wa kuutoa mstari ule.

Ndiyo maana nebula ikiitwa "wingu" huniudhi kidogo. Sentimita moja ya ujazo ya hewa ina molekuli kama bilioni bilioni 25. Katikati ya Nebula ya Jabari, nafasi hiyo hiyo ina chembe maelfu tu. Gesi ile ina joto la nyuzi karibu 10,000, lakini ni nyembamba kiasi kwamba isingekutia joto. Tunaiona kwa sababu ya upana wake: nuru huchukua zaidi ya miaka 20 kuivuka. Ndani yake darubini ya Hubble imeona visahani vya vumbi vikizizunguka nyota changa, mahali ambapo sayari huweza kuundwa.

Itafute katikati ya Februari, saa mbili na nusu usiku. Tazama juu kabisa, uzione nyota tatu za mshipi wa Jabari, kisha shuka kusini kidogo penye nyota ndogo zilizojipanga. Ya katikati ina ukungu. Tanga na Pemba hupita utosini hasa, wakati Ulaya huitazama ikiwa chini, kupitia hewa nzito. Chagua siku za giza, zile wanazozingoja wavuvi wa dagaa. Umeme ukikatika mtaani, acha kulalamika, toka nje. Zima simu kwa nusu saa macho yazoee. Na usiikazie macho: tazama pembeni yake kidogo, kwa kuwa seli za gizani hazipo katikati ya jicho.

Mwanzoni mwa Mei, saa mbili usiku, geukia kusini. Kulia kwa Salibu, zile nyota zilizojipanga kama msalaba, kuna nebula nyingine, katika kundinyota la Mkuku, kubwa kuliko hii ya Jabari. Ukiwa na ndugu London, msimulie. Kwao haichomozi kamwe.