Kupogolea misindano: unakata wapi, unaishia wapi, na matawi unayapeleka wapi

Mvua zikishakatika huku Mufindi na Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, maswali ninayoulizwa hubadilika. Masika nzima ni miche. Ikifika Juni ni kupogolea, yaani kukata matawi ya chini ya misindano (paina). "Bwana misitu, miti yangu ina miaka minne, nianze?" Umri peke yake haunitoshi kujibu. Miti iliyopandwa kwenye udongo mzuri ikapaliliwa, na ile iliyopandwa kwenye kilima cha mawe ikashindana na nyasi misimu miwili, si rika moja hata kama ilitoka kitalu kimoja. Niambie urefu. Ukifika mita 4 au 5, na matawi ya chini yameanza kuingiliana na ya mti wa jirani, anza.

Ondoa matawi hadi nusu ya urefu, usivuke hapo. Mti wa mita 5 unaishia mita 2 au 2 na nusu. Majani mabichi ndiyo yanayoulisha mti, kwa hiyo ukiuachia kishungi tu kileleni, shina linasimama kunenepa na miti ya pembeni inauzidi kimo. Ukiajiri vibarua kwa malipo ya kila mti, shinda nao siku ya kwanza. Wengine hupandisha msumeno mpaka juu ili shamba lionekane safi barabarani, na mwenye shamba akipita anafurahi kweli.

Kwa nini tusumbuke? Aina inayopandwa zaidi nyanda hizi, Pinus patula yenye asili ya Mexico, haiangushi matawi yake makavu. Tawi la chini linakosa mwanga, linakufa, linabaki pale pale miaka na miaka huku shina likinenepa na kulimeza. Tawi likimezwa likiwa hai, fundo lake hushikamana na mbao. Likimezwa likiwa kavu, fundo huwa legevu. Ubao ukikauka linachomoka na kuacha tundu. Fundi wa makabati akiona matundu hayo hata bei haulizi.

Sasa piga hesabu. Ukipogolea shina likiwa na unene wa sentimita 10, mafundo yote yanafungiwa ndani ya hizo 10, na kila kinachoongezeka baadaye ni mbao safi. Ukivuna shina likiwa na sentimita 30, una sentimita 10 safi kila upande. Mwenzako aliyesubiri hadi shina likafika 20 ana sentimita 5 tu kila upande, na gharama ya kupogolea ni ile ile, au kubwa zaidi kwa kuwa matawi yamenenepa. Ndiyo maana mtu akiniambia "nitapogolea nikipata hela" namuomba apogolee hata robo ya shamba mwaka huu, kuliko shamba zima baada ya miaka mitatu.

Kwa mbao za futi 12, lengo zuri ni magogo mawili safi, yaani mita 7 na kidogo kutoka chini. Hufiki huko kwa mara moja. Unarudi kila miti inapoongeza kimo, kwa kanuni ile ile ya nusu, na awamu za juu huhitaji msumeno wenye mpini mrefu. Awamu hizo usizifanye kwa kila mti. Pogolea ile utakayoibakiza hadi mavuno.

Panga liache nyumbani. Tumia msumeno mdogo wa kupogolea uliopinda. Tazama tawi linapotokea: pale kwenye shina kuna uvimbe mdogo unaolizunguka kama kola ya shati. Kata nje tu ya kola hiyo. Ukibakiza kisiki cha tawi, hicho nacho kitamezwa na kuwa fundo legevu, na umekata bure. Ukikwangua hadi shina likawa bapa, umeondoa kola ambayo ndiyo inayofunga kidonda. Tawi nene lianzie chini kwa mkato mdogo, kisha malizia kutoka juu, la sivyo litakatika kwa uzito wake na kuchana gome hadi chini. Kupaka rangi au lami kwenye kidonda hakuna faida. Msindano una utomvu wake, nao unaijua kazi yake.

Kiangazi ni wakati mzuri wa kazi hii, ila kina shida moja kubwa. Matawi uliyoyakata yanakauka ndani ya wiki chache, na moto wa nyasi ukiyapata chini ya miti unapanda mpaka vileleni. Hivyo usiyaache mpakani wala kando ya njia. Yavute ndani, uyatandaze kati ya mistari mbali na mashina, na waruhusu majirani wachukue kuni. Shamba lako likiwa ndilo linalowapa kuni, watakuwa wa kwanza kukimbia na matawi mabichi moshi ukionekana. Kinga moto, ule ukanda unaozunguka shamba, nayo isafishwe hadi udongo uonekane. Kufyeka nyasi na kuzilaza hapo hapo si kinga.

Swali linaloleta ubishi zaidi ni la kupunguza miti. Mzee mmoja aliniuliza atakataje miti anayoitegemea kwa ada ya wajukuu wake. Namuelewa. Lakini wengi wetu tulipanda kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, ambayo ni miti kama 1,000 kwa ekari, wakati 3 kwa 3 ni kama 450. Miti 1,000 ikifika miaka saba au minane inagombea mwanga na maji. Inarefuka bila kunenepa, na upepo ukija inalaliana. Ardhi ni ile ile: au ilishe fito nyingi, au ilishe magogo machache.

Toa iliyopinda, yenye vichwa viwili, iliyovunjika kilele na iliyozidiwa kimo. Toa pia ile mibabe yenye matawi manene kila upande, hata kama shina lake linakuvutia. Weka alama ya rangi mwenyewe kabla mwenye chenso (msumeno wa mashine) hajafika. Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume: shida ikibisha hodi inauzwa minene, na shambani inabaki dhaifu kwa matumaini kwamba itajaza pengo. Msindano uliodumazwa miaka mingi chini ya wenzake ni nadra kuchangamka.

Kuangusha ndani ya shamba lililobanana kuna hatari yake. Chonga mdomo, yaani mkato wa kabari, upande unaotaka mti uangukie, kina cha robo ya unene hivi. Mkato wa nyuma uwe juu kidogo ya usawa wa mdomo, na ubakize kati yake bawaba ya mbao kama sehemu moja ya kumi ya unene. Bawaba hiyo ndiyo usukani. Ukiikata yote mti unajiamulia wenyewe. Ukinasa kwenye jirani yake, usipite chini yake wala usikate huo ulioushikilia. Uvute kutoka kwenye kitako kwa kamba ukiwa mbali. Na ndala, tafadhali, zibaki nyumbani pamoja na panga.

Mikaratusi sitaisemea sana leo. Yenyewe huchipua kisiki kikikatwa chini na kwa mshazari, ukabakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, msindano hauchipui. Ila kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni penye unyevu, usiipande kabisa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka vyanzo vya maji.

Je, kupogolea kunalipa? Inategemea unamuuzia nani. Wanunuzi wengi wanaokuja na mashine za dingidongi, zile ndogo za kupasulia mbao shambani, wanahesabu miti iliyosimama na kutaja bei moja, iwe imepogolewa au la. Kama umeshaamua kuuza hivyo ikiwa na miaka minane, kwa mbao za kumwagia zege, pogolea awamu ya kwanza tu ili shamba lipitike na moto usipande, hela nyingine weka kwenye kinga moto. Kama unaweza kungoja miaka 15 au zaidi na kupasua mwenyewe, ukauza ubao kwa ubao, pogolea awamu zote, na andika mwaka na kimo cha kila awamu kwenye daftari. Mnunuzi hawezi kuona kilichomo ndani ya gogo. Daftari hilo ndilo utakalomfungulia mnapoanza kutajiana bei.