Shikamoo ya mzee kwa kijana: kumnasihi mtu anayedharauliwa kwa umaskini wake

Mama mmoja wa miaka 60 na ushee aliingia ofisini kwangu, akavua ndala mlangoni, akainama kidogo na kusema, “Shikamoo.” Mimi wakati huo nilikuwa na miaka 34. Nikaitikia marahaba. Ilinitoka tu, na sikushtuka mpaka jioni nikiwa kwenye daladala.

Shikamoo tunajua inakoelekea: kwa mkubwa wa umri. Mzee akimpa kijana shikamoo, ujue anasalimia meza, kompyuta na kile Kiswahili chetu cha semina. Kwa sisi wanasihi salamu hiyo ni habari ya kwanza ya mteja, na wengi tunaipita. Maana yake ni kwamba ameshaamua nani mkubwa humu ndani, na atakubali lolote utakalomwambia. Mama yule alikubali yote. Alale mapema, ndiyo. Atenge muda wa kupumzika, ndiyo. Kila jioni aandike mawazo yanayomsumbua, kama tulivyofundishwa chuoni, ndiyo dokta. Mimi si daktari.

Wiki iliyofuata alirudi na karatasi mbili za miraba, zimechanwa katikati ya daftari la hesabu. Alikuwa ameandika mistari minne. Daftari lilikuwa la mjukuu wake, na mjukuu alichapwa shuleni kwa kulichana. Mama alinieleza hayo huku akiomba radhi kwamba mistari ni michache.

Toka siku hiyo, kabla sijampa mtu kazi ya kufanya nyumbani, najiuliza itagharimu shilingi ngapi na atakayelipa ni nani. Alipokuja mara ya tatu nilisimama, nikamwahi mlangoni: “Shikamoo mama.” Alisita. “Marahaba,” akasema, kisha akacheka, “leo umeniwahi.” Siku hiyo ndipo alipoanza kusema yaliyomleta.

Wengi wanaotujia hawaanzi na kukosa hela. Wanaanza na walivyojibiwa. Mzazi aliyeketishwa uani na wapishi siku ya harusi ya mwanawe, kwa sababu ukumbini wako wakwe wenye uwezo. Dada wa kazi anayepikia familia nzima huku kikombe chake cha plastiki kimewekwa peke yake juu ya friji, wala hakuna aliyemwambia kwa mdomo kwamba vingine asiviguse. Njaa ya jana mtu anaweza kuisimulia bila kutetereka. Akifika kwenye kikombe, sauti inakatika.

Lugha yetu nayo imejaa: kajamba nani, choka mbaya, beki tatu, tabia za uswahilini. Hilo la mwisho lina historia. Wakoloni waligawa Dar es Salaam kwa maeneo, kila eneo na masharti yake ya ujenzi, na watu wakayaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Masharti yalikwisha zamani. Neno likabaki, na siku hizi tunarushiana wenyewe kwa wenyewe.

Mtu aliyesikia hayo kwa miaka mingi huanza kuyasema mwenyewe, na hapo ndipo mnasihi ana kazi. Makosa tunayoyafanya sana ni mawili. La kwanza ni kumwambia “jiamini,” kana kwamba kasoro iko kichwani mwake, ilhali kilichomuumiza kimetoka kwa mtu mwingine, tena mchana kweupe. La pili, ambalo mimi naliona baya zaidi, ni kumfundisha bajeti mtu anayeishi kwa shilingi elfu tatu kwa siku. Huyo anajua bajeti kuliko wewe.

Swali linalonisaidia ni jepesi: “Walikwambiaje? Na wewe ukajiambiaje?” Yule mama alikopa kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali. Aliposhindwa marejesho, walikuja watu watatu wakabeba televisheni na jiko la gesi, majirani wakitazama. Walimwambia ni tapeli. Yeye akajiambia ni mjinga wa hesabu. Nikachukua karatasi, yangu safari hii, tukapiga hesabu pamoja. Mkopo ulikuwa 100,000, lakini kwa makato ya fomu alipokea mkononi 90,000. Rejesho lilikuwa 5,000 kila siku, na alikwisha kulipa siku 22. Yaani 110,000. Aliitazama ile namba kwa muda mrefu. “Kwa hiyo hela yao nimesharudisha,” akasema, “na vyombo vyangu wamechukua.” Hakulia. Alikasirika, na kwa mtu aliyekuwa akiinama mlangoni, hasira ile ilikuwa dalili njema.

Hasira nayo inahitaji pa kwenda. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni au mtu anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, na mwenye kuonewa anaweza kulalamika Benki Kuu ya Tanzania. Unasihi unaoishia kwenye pole bila hatua hata moja ya namna hii, mteja huuona kuwa maneno matupu, na siwezi kumlaumu.

Hili wenzetu wa Zimbabwe wameliona mapema. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, wakawa wanaketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Tatizo lenyewe Washona wanaliita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tungesema “nina mawazo,” na kila mtu angeelewa. Bibi anasikiliza, kisha wanachagua tatizo moja tu na kulitafutia hatua ya kwanza. Matokeo ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi anakaa mtaa huohuo, anapanga foleni ileile ya maji. Hakuna anayevua ndala mbele yake.

Sisi wa ofisini tunaweza angalau kupunguza umbali. Usiseme mteja “hana ushirikiano” kabla hujamuuliza nauli. Na tuchunge madirisha yetu. Nimewahi kusikia, katika hospitali ambayo sitaitaja, “Wa msamaha simameni pembeni!” yaani wale wasio na uwezo wa kulipia matibabu. Wazee wawili waliondoka bila kutibiwa. Vilevile kwenye TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini: majina ya kaya za walengwa hupitishwa kwenye mkutano wa hadhara, jambo zuri kwa uwazi, lakini mtoto anaweza kuamkia shuleni akiitwa “wa TASAF.” Mwalimu akilisikia hilo jina, alizime palepale.

Umaskini wenyewe si ugonjwa wa akili. Lakini kama kwa wiki mbili mfululizo mtu hapati usingizi, hataki kula, hataki watu, au hata mara moja akisema afadhali asiwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, mfikisheni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa asiye na uwezo wa kulipia matibabu, utaratibu wa msamaha upo tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza miaka ya 1990, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wamo. Anza na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Nenda na mtu wako mmoja, maana wawili huwa hawafokewi kirahisi. Ukiambiwa dirishani usimame pembeni, uliza ilipo ofisi ya ustawi wa jamii, ingia humo na barua yako, na ndala usivue.