Je, wajua kwa nini baiskeli ya kushuka mlima huvaa matairi mawili yasiyofanana?

Ukiikuta baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya kushuka mlima kwa kasi, inama uyatazame matairi yake. Mara nyingi la mbele na la nyuma hayalingani. Meno yamepangwa tofauti, mpira wa mbele ni laini kiasi kwamba ukucha unauminya, na yote mawili ukiyabonyeza utadhani mwenyewe kasahau kujaza upepo. Fundi wa mtaani Chang'ombe au Majengo hapa Dodoma angemwita pembeni: "Kijana, unaua rimu." Na kwa baiskeli anazotengeneza yeye kila siku, Phoenix inayobeba magunia ya mkaa au madumu ya maji, fundi yuko sahihi kabisa. Mzigo wa namna hiyo unataka tairi gumu lililojaa.

Kushuka mlima ni kazi nyingine. Tairi la mbele ndilo linaloamua unaelekea wapi, na ukishika breki kwenye mteremko uzito wako wote unakimbilia mbele, kwa hiyo ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusimamisha. Likiteleza, kwa kawaida unakuwa umeshalala chini kabla hujajua kilichotokea. La nyuma linafuata tu. Likiteleza, mkia unayumba, unajirekebisha, unaendelea. Lakini la nyuma ndilo linalopigwa zaidi na mawe, kwa sababu mwendeshaji akiona jiwe huinua au huliongoza gurudumu la mbele, la nyuma likalivaa jiwe lile lile bila kuhurumiwa. Ndiyo maana mbele watu hununua mshiko, nyuma hununua uimara.

Hilo ndilo jibu fupi. Refu linategemea ardhi uliyonayo, na ya Dodoma ina tabia zake.

Mji huu uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, umezungukwa na vilima vya mawe ya granaiti. Mvua kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni vumbi na jua. Granaiti ikichakaa humomonyoka kuwa changarawe na mchanga wenye chembe kali, na chembe hizo hukaa juu ya udongo mgumu kama sakafu. Kwa hiyo anayeshuka kilima huku hukutana na vitu viwili vinavyopokezana: mwamba mtupu, halafu changarawe inayobingirika juu ya udongo mgumu. Tairi linaloshika vizuri kwenye kimoja si lazima lishike kwenye kingine.

Watu wengi wakienda kununua hutazama meno kwanza, kwa sababu meno ndiyo yanayoonekana. Mimi nasema meno yawe ya mwisho. Anza na upepo, ukuta wa tairi, na mpira wenyewe.

Upepo kwanza, kwa kuwa ni bure. Chukua mtu na baiskeli yake wenye kilo 90 kwa pamoja, tuseme kila gurudumu limebeba 45. Ukijaza PSI 50 (PSI ndicho kipimo cha msukumo wa upepo), eneo la tairi linalogusa ardhi linakuwa kama sentimita za mraba 13. Ukishusha hadi 25, linafika karibu 26. Hesabu hii si kamili, maana ukuta wa tairi nao hubeba sehemu ya uzito, lakini inaonyesha jambo lenyewe: umepunguza upepo nusu, ukapata mguso mara mbili. Zaidi ya hapo, tairi lenye upepo kidogo hujikunja kufuata umbo la jiwe badala ya kuruka juu yake. Lililojaa sana likipiga jiwe hudunda, na wakati liko hewani halishiki chochote.

Wenye matairi mazito yasiyo na mpira wa ndani kwa kawaida hucheza kati ya PSI 20 na 25 mbele, na 24 hadi 29 nyuma, kutegemea uzito wa mtu. Nyuma huongezwa kidogo kwa sababu ile niliyoitaja ya kupigwa na mawe. Kama unatumia tyubu, usithubutu kushuka hivyo. Tairi likigonga jiwe likajibana hadi kwenye rimu, tyubu inaminywa kati ya vitu viwili vigumu na kutoboka matundu mawili yanayokaa sambamba. Mafundi wanaijua pancha hiyo, na wanajua pia kwamba haikusababishwa na mwiba. Wa tyubu aongeze angalau PSI tano juu ya namba hizo, kisha apime mwenyewe.

Hapa ndipo ukuta unapoingia. Chini ya mpira wa tairi kuna kitambaa cha nyuzi, na ubavuni huandikwa TPI, yaani idadi ya nyuzi katika kila inchi. Wauzaji hupenda kukwambia namba kubwa ndiyo bora. Kwa anayependa kupanda na kwenda mbali, sawa: nyuzi 120 ni nyembamba, tairi linakuwa jepesi na linanyumbulika. Lakini matairi ya daunihili, yaani ya huku kushuka mlima, mengi yana nyuzi 60, nene, tena zimepangwa safu mbili. Ndiyo maana tairi moja la kazi hii linaweza kufika kilo 1.2 hadi 1.4, wakati la mbio za kawaida za porini liko karibu na nusu ya hapo. Uzito huo hauna faida yoyote ukiwa unapanda. Faida yake ni pale jiwe lenye ncha linapojaribu kupasua ubavu, na pale unapokata kona kwa kasi huku upepo ukiwa kidogo: ukuta mwembamba ungejikunja na tairi lingehama chini yako.

Anayepanda kilima kwa miguu yake ndipo ashuke, na hapa kwetu hakuna lifti ya kumpandisha mtu na baiskeli yake, ana haki ya kuusikia uzito huo. Ushauri wangu kwake ni kuchukua ukuta wa kati mbele na ule mzito nyuma tu. Wapo pia wanaoweka sponji ngumu ndani ya tairi, kuzunguka rimu, ili kugonga jiwe kusiwe msiba. Inafanya kazi, ila kuivaa na kuivua ni shughuli ya kukutoa jasho.

Sasa miiba. Mwongozo wa matairi ulioandikwa kwa ajili ya milima ya Ulaya hautakwambia habari za mbigili, ule mmea unaotambaa chini, wenye maua madogo ya njano na mbegu zilizojengwa kwa namna kwamba hata zikianguka vipi, kuna mwiba unaotazama juu. Ongeza migunga, ambayo miiba yake mikavu hulala njiani kiangazi chote. Ukuta mzito husaidia dhidi ya mawe kuliko dhidi ya miiba, kwa sababu mwiba hupita katikati ya meno, sehemu ambayo mpira ni mwembamba. Kinachosaidia ni kuachana na tyubu na kuweka ndani ya tairi dawa ya maji yenye utomvu wa mpira. Mwiba ukitoboa, upepo unaotoka huisukuma dawa kwenye tundu, nayo huganda palepale. Unaweza kurudi nyumbani na miiba kadhaa tairini bila kujua. Ila dawa hukauka. Kwa kawaida hudumu miezi 2 hadi 6, na kwenye joto na ukavu kama wa huku tegemea ile namba ya chini. Wengi huiweka mara moja, wakaisahau, kisha wakasema haifanyi kazi.

Mpira wenyewe hupimwa ulaini kwa kipimo kiitwacho Shore A. Namba ikiwa ndogo, mpira ni laini. Ule laini wa mashindano ya kushuka uko karibu na 42, na mgumu wa kudumu unafika 60 na kuendelea. Mpira laini una sifa mbili. Unaingia kwenye vikwaruzo vidogo vya mwamba, na baada ya kuminywa unarudi polepole, kwa hiyo unameza mtikisiko badala ya kuurudisha. Kwenye mwamba mtupu hilo ndilo kila kitu. Meno hapo hayana la kufanya, na yakiwa marefu yanajipinda tu na kukufanya uhisi unaelea. Lakini granaiti ina chembe za kwazi, madini magumu, zinazokwangua mpira laini kama msasa, na tairi la nyuma, ambalo ndilo linalosukuma na kuburuzwa, litakwisha upesi. Kwa hiyo laini iende mbele, ya kati au ngumu ikae nyuma. Kampuni ya matairi ya Maxxis huandika MaxxGrip kwenye mpira wao laini zaidi na MaxxTerra kwenye wa kati. Wenzao wa Schwalbe kwenye mpira wao wa Addix walitumia mstari wa zambarau kwa laini kabisa na wa rangi ya chungwa kwa unaofuata. Ukikuta tairi la mtumba lina alama hizo, walau unajua unanunua nini. Lipinde kwanza ubavuni, likionyesha nyufa liache. Mpira uliokaa juani sana haurudi kuwa laini.

Tukifika kwenye changarawe, mambo yanageuka. Mpira laini hauwezi kushika kitu ambacho chenyewe kinabingirika. Hapo meno lazima yapenye hadi kwenye udongo mgumu ulio chini, hasa meno ya pembeni, yale unayoyalalia ukikata kona. Tazama Maxxis Minion DHF, tairi ambalo limetumika na kuigwa kwa miaka zaidi ya 20: kati ya meno ya katikati na ya pembeni pana mfereji ulio wazi. Baiskeli ikisimama wima inashika, ikilala vya kutosha inashika, lakini ukiilaza nusu nusu kwa woga unaangukia kwenye mfereji, na tairi linateleza. Wapo wanaopenda tabia hiyo kwa kuwa ukishaizoea, meno ya pembeni yanauma kweli. Wasioipenda wana Assegai, tairi jingine la Maxxis, lililotoka mwaka 2018 baada ya kutengenezwa pamoja na Greg Minnaar wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa daunihili mara nne. Lile lina meno ya ziada pale kwenye mfereji, kwa hiyo unapolala hakuna pengo la ghafla. Kwa mtu anayeanza kwenye changarawe za Dodoma ningempa hilo mbele bila kufikiri sana. Nyuma, tairi lenye meno ya katikati mafupi na yenye ukingo wima upande unaoshika breki. Angalia pia mshale ubavuni unaoonyesha tairi linazungukia wapi. Ukilivalisha kinyume, ukingo uliochongwa kwa ajili ya breki unatazama upande usio wake.

Meno hayo ya nyuma yana habari nyingine ambayo mtu wa Kondoa ataielewa haraka. Ukifunga breki ya nyuma hadi gurudumu lisizunguke, tairi linalima. Linaacha mfereji mdogo, mvua ya kwanza inaupata, na maji yakishapata njia hayaiachi. Milima ya Irangi huko Kondoa ilimomonyoka kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoathirika ili nyasi na miti virudi. Makorongo yake yanavutia kwa macho ya mpenda friraidi, yaani kushuka na kuruka kwenye kuta za milima, maana yanafanana na zile kuta za udongo za jangwa la Utah, Marekani, ambako mashindano ya Red Bull Rampage yalianza mwaka 2001. Lakini ni vidonda vinavyopona, na tairi la nyuma lililokwisha meno ndilo linaloburuza zaidi. Nikiona mtu anashuka huko na kipara nyuma, nakunja uso.

Kuhusu saizi, neno moja la kuokoa pesa. Usinunue gurudumu kwa jina lake la inchi. Gurudumu linaloitwa 29 lina rimu ya milimita 622, wakati Phoenix ya 28 ina rimu ya 635, kubwa zaidi ingawa jina lake ni dogo. Matairi hayo hayabadilishani. La 27.5 ni 584, na 26 ya baiskeli za gia ni 559. Namba hizo zimeandikwa ubavuni baada ya upana wa milimita, kwa mfano 61-622. Upana wa kazi hii ni kati ya inchi 2.3 na 2.5, kabla ya kulipa, hakikisha kwamba fremu ina nafasi.

Kila kitu nilichosema hapo juu ni cha kiangazi. Yapo matairi ya tope, yenye meno marefu yaliyoachana ili udongo udondoke wenyewe, na kwenye udongo mwekundu uliolowa baada ya mvua yanafaa. Ila tope jeusi la mbuga, kama lile la upande wa Bahi, hunata likajaza nafasi yote kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka, haijalishi umevaa tairi gani. Hapo unaibeba baiskeli begani.