Kuchekecha sembe hakukupi konflawa

Swali limekuja tena wiki hii, likiwa limekwisha kujijibu lenyewe: "Mwalimu, konflawa imeadimika dukani, nimechekecha sembe kwa kitambaa chepesi mpaka imekuwa laini kama poda. Si ni kitu kile kile?"

Si kitu kile kile: konflawa ni wanga mtupu uliotolewa kwenye mahindi, sembe ni mahindi yaliyokobolewa yakasagwa. Chekecha kwa kitambaa, chekecha kwa hariri, rudia mpaka mkono uume. Utapata sembe laini sana, na sembe laini sana ni sembe. Nafundisha upishi na nimesomea teknolojia ya chakula, na imani hii kwamba tofauti ya konflawa na unga wa mahindi ni ulaini tu ndiyo chanzo cha karibu kila malalamiko ninayoletewa: kastadi iliyolala ikaamka maji, ugali uliogeuka gundi, mchuzi wenye chenga. Leo nalijibu kwa urefu.

Anza na punje. Nje kuna ganda, ambalo likisagwa ndiyo pumba. Ndani kuna kiini, kile kinachoota, na humo ndimo yalimo mafuta mengi ya punje. Sehemu kubwa iliyobaki ndiyo yenye wanga. Dona umesaga vyote. Sembe umekoboa kwanza, pumba na kiini vikatoka, ndipo ukasaga. Hapo watu wengi huishia, wakaamini kwamba kilichobaki ni wanga mtupu. Sicho. Katika kila gramu mia za sembe bado kuna gramu saba hivi za protini. Katika gramu mia za konflawa protini haifiki hata nusu gramu.

Na protini hiyo haikukaa pembeni ikisubiri kuchekechwa. Imezizunguka chembe za wanga pande zote na kuzibana, kama saruji ilivyoshika kokoto. Chembe moja ya wanga wa mahindi ina upana wa mikroni 15 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja), na kipande kimoja cha sembe, hata kile unachokiona laini, kina chembe nyingi zilizofungwa pamoja. Chekeche inatenga vipande vikubwa na vidogo. Haina uwezo wa kuutoa wanga ndani ya protini. Kipande kidogo kilichopita kwenye kitambaa bado kina protini, kama kikubwa kilichobaki juu.

Kinachoweza kuvitenganisha ni maji na muda. Kiwandani mahindi hulowekwa kwa saa 24 hadi 48 katika maji ya uvuguvugu, nyuzi 50 hivi, yaliyotiwa salfa dioksidi kidogo. Protini inalegea. Punje hupondwa kwa wastani ili kiini kitoke kizima, nacho huelea kwa sababu ya mafuta yake, kikaenda kukamuliwa mafuta ya kupikia. Kinachobaki husagwa zaidi kikiwa majimaji, nyuzinyuzi zikachujwa, halafu ule uji mweupe ukazungushwa kwa kasi kubwa. Wanga ni mzito kuliko protini, kwa hiyo hujitenga. Unaoshwa, unakaushwa, unatiwa kwenye boksi. Thomas Kingsford alipofanikiwa kutoa wanga kwenye mahindi huko New Jersey mwaka 1842, wanga huo ulikuwa wa kufulia nguo. Jikoni ulikuja baadaye, na mwaka 1854 John Polson wa Paisley, Uskoti, akaupatia hataza wanga wake wa kupikia. Kwa hiyo tunazungumza kitu kilichooshwa, wala si kitu kilichosagwa.

Kuna anayeuliza kama anaweza kuloweka sembe kwenye beseni, aache itulie, amwage maji ya juu. Utapata kitu fulani, lakini kidogo, na bado kitakuwa na protini nyingi. Walio karibu zaidi na ukweli ni Wanijeria na ogi yao: mahindi mazima hulowekwa siku moja hadi tatu mpaka yachachuke, yakasagwa mabichi, yakachujwa, yakaachwa yatuame. Asidi inayotokana na kuchachuka inasaidia kulegeza ile protini. Matokeo yake si wanga safi, ila yanakaribia konflawa kuliko sembe yoyote iliyochekechwa. Muhogo ni rahisi zaidi kwa sababu protini yake ni kidogo mno: unakwangua, unaosha, unachuja, unaacha utuame, na chini ya beseni una wanga mweupe. Angalizo kwa haraka: huo ni wanga wa muhogo. Unga wa makopa ni muhogo uliokaushwa ukasagwa wote, na kuuita wanga ni kosa lile lile la sembe.

Sasa walioko ughaibuni. Pakiti iliyoandikwa "cornflour" Uingereza, kama zile za maduka yetu ya Kenya na Tanzania, ni wanga. Marekani wanga huo huandikwa "cornstarch", na "corn flour" ya kule ni mahindi yaliyosagwa laini. Ndiyo maana mtu aliyehamia London hununua boksi akidhani amepata unga wa ugali, akasonga, akapata kitu chenye kung'aa kinachonata mwiko na kuteleza kooni. Ugali hushika vizuri kwa sababu wanga wake umebanwa ndani ya vipande vya unga na hauwezi kuvimba wote kwa pamoja. Ukiufungua wanga wote, umetengeneza gundi. Acha kusoma jina la mbele, geuza pakiti usome kiasi cha protini kwa gramu mia. Ikiwa sifuri au karibu na sifuri, ni wanga. Ikiwa sita, saba, nane, ni unga. Na ule unga wa Wameksiko wa kutengenezea totila ni kitu cha tatu: mahindi yake yamepikwa kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa, ndiyo maana donge lake linakandika na la sembe linapasuka.

Kama pakiti huna, weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi ukoroge. Sembe inaacha vijichenga vinavyozunguka, na ukitia kidole chini unaukuta unga umelegea. Konflawa inayafanya maji yawe kama maziwa, kisha baada ya dakika chache inatuama na kukamata chini. Ichokonoe kwa kijiko ghafla, inakuwa ngumu kama chaki mbichi. Isukume polepole, inatiririka. Hata ikiwa kavu unaitambua: ifinye kati ya vidole, utasikia inakwaruza na kulia. Sembe hailii.

Hapa nataka kusimama, kwa sababu kuna jambo linaloniumiza kuliko kastadi. Akina mama wanampikia mtoto uji wa konflawa kwa kuwa ni mweupe, laini, hauna madonge na mtoto haukatai. Tafadhalini. Kijiko kimoja cha chakula cha konflawa, gramu nane hivi, kinatosha kukifanya kikombe kizima cha maji kiwe kizito, na kikombe hicho kina takriban kalori 30, bila protini, bila mafuta, bila madini ya kutajika. Mtoto anashiba maji. Uzito wa uji unamdanganya mama, kwani wanga uliofunguliwa huongeza uzito haraka mno kuliko unavyoongeza chakula. Unga wa mahindi wa pakiti nchini Kenya unatakiwa kisheria kurutubishwa tangu mwaka 2012, lakini konflawa ya dukani kwa kawaida haina nyongeza hiyo. Mpe uji wa dona au wa ulezi, tia maziwa au karanga zilizosagwa, na ukitaka uwe laini uchuje baada ya kuupika. Mahindi ya dona yawe makavu na yachambuliwe punje moja moja, zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, ya mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu 125, na ilitoka kwenye mahindi ya nyumbani.

Turudi jikoni. "Konflawa yangu haishiki, niongeze?" Usiongeze kabla hujajua imechemka au la. Chembe za wanga wa mahindi huanza kunywa maji na kuvimba kati ya nyuzi 62 na 72, lakini uzito kamili hauji mpaka ukaribie 95. Watu wanazima jiko mara tu rojo linapoanza kuonekana zito, linabaki na ladha ya unga mbichi, kesho yake limelegea, na lawama inakwenda kwa konflawa. Liache litoe mapovu mazito dakika moja au mbili. Walioko Njombe, Mbeya au Nairobi, maji yenu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Rojo litashika, ila lipe muda kidogo zaidi ya kitabu kilichoandikwa pwani.

Kastadi ya mayai ndiyo inayosumbua zaidi. Kiini cha yai kibichi kina kimeng'enya cha amilesi, na kazi ya amilesi ni kukatakata wanga. Ukiipasha kastadi mpaka iwe nzito tu ukaogopa kuichemsha, kimeng'enya kinabaki hai, kinakesha kikila wanga wako, asubuhi unakuta supu. Lazima ichemke. "Lakini mayai yatakatika!" Yangekatika kama ungepika mayai na maziwa peke yake. Wanga ukiwemo wa kutosha unayakinga, na kastadi yenye konflawa huchemka bila kukatika mradi hukoromi kazini, unakoroga hadi kwenye kona za sufuria. Unga wa kastadi wa kopo hauna tatizo hili, maana huo ni konflawa yenye rangi na vanila, na mara nyingi hauna yai kabisa. Mate nayo yana amilesi. Kijiko ulichoonjea kisirudi sufuriani.

Ndimu na siki zitie mwishoni, jiko likiwa limezimwa, kwani asidi na moto kwa pamoja hukata wanga. Konflawa ikorogwe kwa maji baridi kwanza, daima. Ukiimwaga kavu kwenye mchuzi wa moto, nje ya kila donge huiva papo hapo na kufunga unga mbichi ndani, na hakuna kukoroga kutakakolifungua. Mchuzi utakaogandishwa kwenye friza usiutie konflawa, maana ukiyeyuka utatoa maji. Tumia wanga wa muhogo, ambao una amilosi (ile sehemu ya wanga inayosababisha rojo kutoa maji) kidogo na hustahimili zaidi, ingawa rojo lake linang'aa na kuvutika na si kila mtu anapenda.

Kuhusu kukoroga, hapo sina raha na vitabu. Vinasema wanga ukishaiva usikoroge kwa nguvu, chembe zilizovimba zitapasuka na rojo litalegea. Kwa sosi na kastadi nimeliona hilo na nalifundisha. Halafu nakwenda Zanzibar, naangalia halua inavyopikwa: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, kwenye sufuria kubwa, mwiko haupumziki muda mrefu, moto haupoi, na halua haiwi maji. Inazidi kukaza. Jibu la kawaida ni kwamba sukari nyingi hushindana na wanga katika kunywa maji, chembe hazivimbi hadi mwisho, kwa hiyo hazipasuki kirahisi. Naliamini, lakini halinitoshi. Maji nayo yanakauka wakati wote huo, samli inaingia kidogo kidogo, na sidhani kama kanuni iliyoandikwa kwa sosi ya kikombe kimoja inastahili kuhamishiwa huko kama ilivyo. Mpishi wa halua akikwambia endelea kukoroga, endelea.

Kipimo nacho ni hivyo hivyo. Kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe cha maji au maziwa ni mahali pa kuanzia, wala si sheria. Maziwa yenye mafuta mengi, sukari nyingi, sufuria pana inayokausha haraka, vyote vinabadilisha hesabu.

Kwenye keki, kutoa vijiko viwili vya ngano katika kila kikombe na kuweka viwili vya konflawa kunapunguza nguvu ya ngano, yaani mvutiko unaotokana na protini yake, na kwa unga wa chapati wenye nguvu utaona nafuu kubwa. Kwa unga ambao tayari ni wa keki, faida ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na ukizidisha keki inakauka na kumomonyoka. Kwenye viazi karai au kuku wa kukaanga, konflawa inaleta ukavu unaolia chini ya jino lakini rangi inapauka, kwa kuwa protini ya kuupa wekundu haimo. Changanya nusu kwa nusu na ngano. Sembe hapo inafaa pia, kwa ganda gumu lenye chenga, ukitaka hivyo.

Na kama konflawa haipatikani kabisa, tumia wanga wa muhogo kipimo kile kile, uutie mwishoni na usiupike sana. Ukikosa huo, tumia ngano, vijiko viwili badala ya kila kimoja cha konflawa, uikaange kidogo kwenye siagi au uichemshe dakika kadhaa mpaka harufu ya ubichi iishe.