"Nunu anakula kwangu, nimlipe nini tena?" Tunayoyasema Lubumbashi kuhusu walezi wa watoto, na ukweli wake

Kwanza tuelewane kwa majina. Hapa Lubumbashi, Kongo, ukisema "yaya" mtu atafikiri unamtaja dada au kaka yako mkubwa. Anayebaki na mtoto wakati wazazi wako kazini tunamwita nunu, na wengine bado wanasema boyi hata kama ni msichana, neno tuliloachiwa na Wabelgiji. Mimi nitasema nunu.

Nimeajiri manunu watatu kwa miaka sita. Ninashika hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, mume wangu ni mwalimu. Karibu kila neno ninalolipinga hapa chini limewahi kutoka kinywani mwangu, kwa hiyo asinione mtu kama hakimu.

"Anakula kwangu, analala kwangu, sabuni yangu, mafuta yangu"

Hii ndiyo kauli mama ya zote. Na cha ajabu, mji ambao ungepaswa kuwa wa kwanza kuikataa ni huu wetu. Babu zetu wengi walifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi iliyoanzishwa 1906, na baba zetu wakaendelea nayo kwa jina la Gécamines baada ya serikali kuichukua. Kampuni iligawa poso: unga wa mahindi kila kipindi, kwa magunia. Ilitoa nyumba kambini, hospitali, shule ya watoto. Na bado mwisho wa mwezi mzee alikwenda kupanga foleni achukue mshahara wake. Hebu fikiria mkubwa wa kambi amwambie: "Wewe umekula unga wetu mwezi mzima na umelala chini ya bati letu, unadai nini?" Kambi nzima ingesimama.

Lakini msichana akilala kwenye godoro karibu na jikoni, godoro lenyewe tunaligeuza kuwa mshahara.

Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa 2016, imetenganisha mambo haya: makazi na matibabu hayaingii katika hesabu ya malipo ya mfanyakazi. Chakula, ni kweli, kinaweza kuthaminiwa kwa pesa. Haya, tukithamini. Nunu wangu wa kwanza alikuwa anakula bukari (ugali) na sombe (kisamvu) mchana, usiku kilichobaki, Jumapili ndakala, vile visamaki vikavu. Nilipochukua kaye, daftari langu, na kugawa meka (vipimo) za unga za mwezi kwa watu saba wa nyumba, fungu lake lilikuwa dogo kuliko nilivyokuwa nikijisifia mbele ya marafiki zangu. Niliona aibu, nikafunga kaye.

Tena jiulize, nunu akilala kwako, nani anafaidika? Mtoto akikohoa saa nane za usiku, ni mlango wa nani unaogongwa?

"Lakini hii si kazi, anakaa tu na mtoto"

Niliamini hivyo hadi wiki niliyolala nyumbani na malaria. Kitanda changu kinatazama ua, kwa hiyo niliona siku nzima kama sinema.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa ameinama juu ya mbabula, jiko letu, anapuliza makala (mkaa), kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda tangu jana yake. Maji ya bomba yanatoka asubuhi tu, kwa hiyo alijaza mabidoni (madumu) manane kabla hayajakatika, huku mdogo wetu amefungwa mgongoni kwa kitenge. Uji. Mtoto akatema uji. Uji tena. Mkubwa akavalishwa, akasindikizwa hadi shuleni, na nunu akarudi mbio. Nepi zikafuliwa kwa mkono, na alipokuwa anazianika mtoto akaamka, akalala, akaamka. Mchana alikula amesimama, tonge moja lake, tonge moja la mtoto. Nilipomwambia akae kidogo alicheka: "Mama, nikikaa huyu atafika kwenye makala."

Alimaliza kuosha sahani saa moja jioni. Toa hata saa nzima ya kupumua: zinabaki kumi na mbili na nusu. Zidisha kwa siku sita, ni saa 75 kwa wiki.

Sheria inasema 45 kwa wiki na zisizidi tisa kwa siku. Zinazozidi zina nyongeza: asilimia 30 kwa saa sita za kwanza za wiki, kisha asilimia 60 kwa zinazofuata. Sikuandika hesabu hiyo ili kumtisha mtu. Niliifanya kitandani, kwa simu, na homa ikapanda.

Wako wanaosema kulea ni kipaji cha mwanamke tu, na kipaji hakilipwi. Waulizeni wazee wa mtaa wa Kamalondo. Enzi za ukoloni, mji huu ulipoitwa Elisabethville, waliofua, waliopika na waliotumika katika nyumba za Wazungu walikuwa wanaume hasa. Ndiyo maana neno lenyewe ni boyi. Kazi za nyumbani zilihesabiwa kuwa kazi, zenye mshahara na kitabu cha kazi, zilipofanywa na babu zetu. Zilipofika mikononi mwa wasichana ndipo zikawa "kusaidia".

"Hatukuandikiana kitu, basi hakuna mkataba"

Kinyume chake. Kanuni ya Kazi inataka mkataba uandikwe, lakini usipoandikwa, sheria inachukulia kwamba ni mkataba usio na mwisho mpaka ithibitike vinginevyo, na mfanyakazi anaweza kuuthibitisha kwa njia yoyote: majirani, ujumbe wa simu, pesa ulizomtumia kwa M-Pesa. Hata ule ujanja wa "mimi namchukua siku kwa siku" una kikomo: akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa wa kudumu. Kutoandika kunamuacha mwajiri bila kinga, si nunu.

Na kabla hujasema sheria hiyo ni ya makampuni: kifungu cha kwanza kimetaja waliotolewa. Ni mahakimu, watumishi wa serikali wa kudumu, jeshi, polisi. Nunu hayumo.

"Huyu ni mtoto wa ndugu yangu, hatuwezi kulipana"

Hapa ndipo pananiuma, kwa sababu sote tuna picha ya msichana aliyeshuka kwenye treni kutoka Kasai, au kwenye lori la Kasenga, na mfuko mmoja. Mama yake aliambiwa: "Nitampeleka shule." Mwaka wa kwanza "anazoea mji". Mwaka wa pili "mtoto mchanga bado mdogo". Mwaka wa tatu ana kumi na sita na bado hajashika kalamu, na watoto aliowabeba mgongoni wanamtuma maji.

Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumfanyisha kazi aliye chini ya miaka 16. Hakuna kipengele kinachosema "isipokuwa ni mpwa wako". Kama ni mtoto wa nyumba, basi aishi kama wenzake: begi la shule, viatu, usingizi. Elimu ya msingi ni bure katika shule za serikali tangu Septemba 2019, kwa hiyo ule mzigo wa minerval (karo) si kisingizio kama zamani. Na kama ni mfanyakazi aliyefikia umri, undugu hauzuii bahasha. Katikati ya hayo mawili kuna nafasi ambayo tumeizoea mno, nami sina jina zuri la kuiita.

"Mshahara wangu mwenyewe hautoshi, nitamlipa nini?"

Hii haina uvivu ndani yake, na ningependa tukae hapa kidogo.

Kima cha chini cha mshahara kwa siku kilikuwa faranga 7,075 tangu 2018. Mwaka 2025 serikali ilitoa amri mpya iliyokipandisha hadi 14,500 kwa hatua ya kwanza, ya mwaka huo. Kwa siku 26 za kazi zilikuwa 377,000 kwa mwezi. Niliposoma nilimwonyesha mume wangu, mwalimu, akanitazama kwa muda, akasema: "Basi mimi nibaki na watoto, wewe unilipe."

Tulicheka, lakini hesabu haicheki. Mama anayefanya kazi ana likizo ya uzazi ya wiki 14, sita kabla na nane baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili za malipo. Yaani anarudi kazini mtoto ana miezi miwili. Sheria inampa mapumziko mawili ya nusu saa kila siku anyonyeshe. Ni kitu kizuri, ila kama mtoto yuko Ruashi na wewe uko mjini kati, nusu saa inaishia kwenye basi. Shule ya maternelle (chekechea) inaanzia miaka mitatu, na ile elimu ya bure haiigusi. Tangu miezi miwili hadi darasa la kwanza ni mfuko wa familia peke yake. Kwa hiyo anayesema "nunu ni ghali" hasemi uongo. Kosa letu ni kwamba ughali huo tumeamua ubebwe na yule mwenye nguvu ndogo kuliko wote ndani ya lupango, ua wetu.

Na kuna dhana nyingine imejificha humo: kwamba nunu analipwa kutoka mshahara wa mama. Wanaume wanaihesabu hivyo, mama zetu pia: "Unapata kiasi hiki, nusu inakwenda kwa nunu, si bora ukae nyumbani?" Kana kwamba mtoto alikuja na mzazi mmoja. Nunu anamwezesha baba pia kwenda kazini. Nyumbani kwetu tulipoanza kutoa gharama hiyo juu ya mishahara yote miwili, kabla ya kodi ya nyumba na kabla ya likelemba (mchango wa kupokezana), ugomvi wa mwisho wa mwezi ulipungua sana.

Lakini hata hivyo haikutosha. Tukapunguza saa badala ya kupunguza pesa. Mume wangu anatoka shuleni mchana, kwa hiyo nunu alikuja saa moja asubuhi akaondoka saa kumi, siku tano. Hizo ni 45 kamili. Kisha jirani wa avenue yetu, naye ana mtoto wa umri huohuo, akakubali tushirikiane: watoto wawili, nunu mmoja, wiki kwake, wiki kwangu. Siku 22 kwa 14,500 ni 319,000. Kila nyumba ikatoa 159,500. Ilikuwa zaidi ya nilichokuwa nikilipa peke yangu zamani kwa saa 75, sitaficha. Ufuaji wa nguo za watu wazima ulirudi kwetu, na Jumamosi yangu ilikufa. Lakini iliwezekana.

Bibi? Ndiyo, wako wanaomwachia bibi "bure". Bibi naye ana mgongo, na ana biashara yake ya mboga aliyoifunga kwa ajili yako. Angalau mpe nauli na mtaji.

"Nimemuahidi dola, yeye atajua"

Mwaka 2025 dola ilishuka ghafla hapa kwetu, kutoka zaidi ya faranga 2,800 hadi chini ya 2,500, na bei za sokoni hazikushuka kwa mwendo huo. Nunu aliyeahidiwa dola aliona mshahara wake unapungua mkononi bila mtu kumkata chochote. Sheria inataka malipo yatajwe kwa faranga. Tajeni kwa faranga, yaishe.

"Kikivunjika, tunakata"

Hii ni yangu kabisa. Nunu wa pili alivunja thermos, ile kubwa ya maua. Nikamkata, mwezi ule na uliofuata. Baba yangu alikuwa amekuja kututembelea. Huyo ni mtu wa Gécamines, mmoja wa wale zaidi ya elfu kumi walioondolewa kazini 2003 kwa jina la "kuondoka kwa hiari", baada ya kungoja mishahara miezi na miezi. Aliniona nikihesabu noti, nikirudisha nyingine mkobani. Hakusema mbele ya msichana. Usiku aliniuliza: "Thermos mlinunua lini?" Nikamwambia miaka minne. "Basi mmeitumia miaka minne, na yeye analipa mpya?" Nilianza kujieleza. Akasema tu, "Mwanangu, mimi najua mtu anavyotembea akirudi nyumbani na bahasha pungufu," akaenda kulala.

Yule msichana alituacha kabla sijamrudishia.

Nunu tuliye naye sasa anashika kaye yake mwenyewe, ya mistari, jalada la bluu. Kila siku ya malipo tunaweka zote mbili mezani, yake na yangu, jirani akiwepo. Mwezi uliopita alinyamaza kidogo, akapitisha kidole kwenye ukurasa wangu, akakisimamisha. "Mama, ile Jumapili ya matanga hujaandika." Nilibisha. Jirani akasema ni kweli, alikuja saa kumi na mbili asubuhi. Nikachukua kalamu.