Ghala linauzwa, bosi hajafilisika

Mdogo wangu aliyeko Uingereza kaleta ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo: "Bosi kafilisiwa na fundi umeme, ghala linauzwa!" Wiki hiyohiyo huyo bosi wake kalipa mishahara, tena kwa wakati. Aliyefilisiwa analipa mishahara na nini?

Jambo lenyewe kwa haraka: fundi anamdai bosi malipo ya kazi yake. Kule England, sheria ya mwaka 1996 inaruhusu mgogoro wa malipo ya ujenzi upelekwe kwa mwamuzi, naye hutoa uamuzi ndani ya siku 28 tangu apokee dai. Lipa kwanza, ubishi baadaye. Mdaiwa akigoma, mahakama huukazia uamuzi huo kwa njia ya mkato, na tangu kesi ya Macob ya 1999 kusema tu kwamba mwamuzi kakosea hakumwokoi mtu. Hukumu ikishapatikana, fundi anaweza kuomba deni liandikwe juu ya jengo la mdaiwa, mfano wa rehani ambayo mwenye mali hakuiomba. Hapo bado hakijauzwa kitu. Kuuza ni ombi jingine kabisa, na jaji anaweza kulikataa.

Sasa hilo neno. Kufilisi limetoka kwa Waarabu, na mzizi wake ni fals, kisarafu cha shaba. Wingi wake ndio fulusi tunazozitafuta kila siku. Wanakamusi wa kale wa Kiarabu walieleza kwamba aliyefilisika ni mtu ambaye dirhamu zake za fedha zimegeuka visarafu vya shaba. Yaani hali yake yote imeshuka. Neno linamtaja mtu na mfuko wake mzima, halitaji ghala moja.

Tofauti iko hapo, na si ya maneno tu. Tuseme ghala limeuzwa pauni 500,000. Benki yenye rehani ya mwanzo inachukua 300,000 zake, fundi anachukua 80,000, na kinachobaki baada ya gharama kinarudi kwa bosi. Anaweza kununua ghala jingine, dogo kidogo. (Wala usimtafute dalali na kipaza sauti: mara nyingi mahakama hupanga bei ambayo ghala lisiuzwe chini yake, wakili wa mdai akasimamia mauzo kimyakimya.)

Katika ufilisi mambo mengine kabisa. Mfilisi, yaani msimamizi wa mali za aliyefilisika, anashika karibu kila kitu, na wadai wasio na dhamana wanagawana makombo kwa uwiano wa madeni yao. Fundi wetu, aliyehangaika na mwamuzi, jaji na wakili, anajikuta foleni moja na muuza saruji. Ndiyo maana hukimbilia kuikamilisha ile amri yake juu ya jengo kabla ufilisi haujaingia. Kusema fundi "kamfilisi" bosi ni kumsingizia jambo analoliogopa kuliko bosi mwenyewe.

Basi mdogo wangu, siku nyingine tuambie tu kwamba ghala la bosi linauzwa kwa amri ya mahakama kulipia deni la fundi. Ni refu kidogo, najua. Akifilisiwa kweli hutahitaji kutuhadithia habari za fundi, maana na wewe utakuwa unaandika dai lako la mshahara kwa mfilisi.