Sukari ya kwenye ORS si ya kumpa mgonjwa nguvu

Kila muhula unapoanza naingia darasani na pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, naipasua mezani na kuuliza: sukari humu ndani inafanya kazi gani? Mikono huinuka haraka. "Inampa mgonjwa nguvu, dokta." Mwingine atasema ni ya kupunguza ukali wa chumvi ili mtoto akubali kunywa. Hili la pili lina ukweli kidogo. La kwanza sivyo, na ndilo linalopendwa.

Nafundisha fiziolojia kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu. Wengi wanaiogopa baiokemia kama deni la duka la mtaani, wanapita mbali nayo. Mimi nawapa kalamu na pakiti.

Pakiti ya lita moja ina glukosi, ndiyo sukari yake, gramu 13.5. Molekuli ya glukosi ina kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6, na uzito wake ni 180. Gawanya 13.5 kwa 180, unapata moli 0.075, yaani milimoli 75 (moli ni kipimo cha kuhesabia molekuli). Haya, sodiamu. Iko kwenye chumvi ya kawaida, gramu 2.6, na kwenye sitrati, chumvi nyingine ya pakiti hiyo, gramu 2.9. Kila sitrati imebeba sodiamu tatu, na hapo ndipo wengi hupotea. Anayefika salama anapata takriban 75 tena. Huwa nanyamaza hapo mpaka mtu wa viti vya nyuma aseme, "Mbona zimelingana?"

Zimelingana kwa sababu ya mlango. Utando wa seli ni mafuta, na glukosi na sodiamu ni vitu vya maji. Haviwezi kuupenya vyenyewe. Kwenye utumbo mwembamba, upande wa seli unaotazama chakula, kuna protini iitwayo SGLT1. Inachukua sodiamu mbili na glukosi moja, inajigeuza, inazishusha ndani. Sodiamu huteremka kwa sababu ndani ya seli ni chache, glukosi ikapata lifti. Na ni chache kwa sababu upande wa pili, wa damu, pampu inatoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili, ikila ATP moja, molekuli ya nishati ya seli, kila mzunguko. Gharama ya safari inalipwa huko nyuma, mlangoni hakuna anayelipa.

Na maji? Mwili hauna pampu ya maji. Maji hufuata chumvi na sukari zilikokwenda, basi. Kwa siku utumbo mwembamba hupokea kama lita 9 za majimaji, lita 2 hivi ulizokunywa na nyingine ni mate, nyongo na majimaji mengine ya mwili wenyewe. Karibu zote hurudi kwa njia hii ya kufuata. (Ukiniuliza kwa nini ORS haina sodiamu mara mbili ya glukosi kama mlango unavyotaka, umeuliza vizuri: utumbo wenyewe huongeza sodiamu yake.)

Mwanabaiokemia Robert Crane aliueleza usafiri huu wa sodiamu na glukosi pamoja huko Prague mwaka 1960. Uzito wake unaonekana kwenye kipindupindu. Sumu ya bakteria hupandisha AMP ya mzunguko, kemikali ya kupeleka ishara, ndani ya seli, njia za kloridi zinaachwa wazi, chumvi na maji vinamwagika utumboni. Lakini SGLT1 haiguswi. Mgonjwa anaharisha ndoo nzima na mlango ule bado unafanya kazi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akawanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na glukosi. Vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Sasa utaelewa kwa nini nakunja uso nikiona mtoto anayeharisha anapewa soda. Lita moja ina sukari kama gramu 100 na sodiamu haba. Sukari inayobaki utumboni inayavuta maji kurudi huko huko. Madafu nayo, samahanini watu wa Pwani, yana potasiamu tele na sodiamu kidogo.

Swali ninalolipenda zaidi huja mwishoni: wa nyumbani asiye na pakiti, anayechanganya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita ya maji safi? Sukari ya dukani si glukosi. Ni glukosi iliyoungana na fruktosi, na SGLT1 haiitambui. Kimeng'enya cha sukrasi, kilichokaa kwenye ukuta wa utumbo, lazima kiikate kwanza. Vijiko 6 ni kama gramu 25. Gawanya kwa 342, uzito wa molekuli ya sukari hiyo, uone glukosi ngapi zinatoka.

Milimoli 73.